Mwalimu Taratibu na Vocha ya Gari Jipya

Mwaka ule serikali iligundua kwamba wananchi tuna mapafu. Kabla ya hapo sijui ilidhani tunapumulia nini, maana tulishailalamikia mashimo ya barabarani na mabomba yasiyotoa maji mpaka sauti zikakauka, isishtuke. Lakini mapafu iliyagundua yenyewe, ikayahurumia, ikaja na mpango. Mwenye gari la zamani alilete, livunjwevunjwe, naye apewe vocha ya kumpunguzia bei ya gari jipya. Hewa itakuwa safi, barabara zitakuwa salama, na wenye yadi, ambao magari yao mapya yalikuwa yamekula vumbi mwaka mzima bila mnunuzi, watapata nafuu kidogo. Hilo la mwisho halikutangazwa kwa kipaza sauti.

Mimi nashona sare za shule barazani kwangu, na mume wangu ni mwalimu wa udereva. Mji mzima unamwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu hilo karibu ndilo neno pekee analolitumia kazini. Mwanafunzi akikosea gia, taratibu. Akipanda ukingo wa barabara, taratibu. Kuna hakimu mmoja alilielekeza gari kwenye lango la benki, walinzi wakasimama na bunduki zao, na neno likawa lilelile. Nyumbani pia hatuna nafuu. Mkunga alipomwambia nimejifungua pacha, alinitazama akasema taratibu, kama vile mimi ndiye niliyekuwa naendesha kwa kasi.

Gari lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yetu, na ndoa yetu si ya jana. Rangi yake ya asili ilikuwa imebaki ndani ya buti tu. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kubembelezwa. Moshi wake sitautetea, kwa sababu akiliwasha asubuhi nilikuwa nakimbia kuanua mashati meupe kabla hayajageuka sare za shule nyingine. Lakini injini ilikuwa nzima, na chini, upande wa abiria, palikuwa na kitu kilichotulisha miaka yote: pedeli ya pili ya breki. Alitengenezewa na fundi wa kuchomelea kwa chuma cha kitanda chetu cha kwanza. Kitanda chenyewe kilikuwa kimeshavunjika, na msiniulize kilivunjikaje.

Kwenye pedeli hiyo ndipo ulipokuwa ufundi wake. Walimu wengine wakikanyaga breki yao, mwanafunzi anarushwa mbele, halafu anatukanwa juu yake. Mume wangu alikuwa anaikanyaga kwa kidole gumba cha mguu, kidogo kidogo, wakati uleule mwanafunzi anapoanza kuitafuta ya kwake kwa mguu unaotetemeka. Gari linasimama, na mwanafunzi anaamini kalisimamisha yeye. Anashusha pumzi, anakaa vizuri kitini, na safari inayofuata anakanyaga mapema zaidi, maana sasa anajijua kuwa ni mtu anayeweza kusimamisha gari. Siku zinavyokwenda mume wangu anaupunguza mguu wake, anaupunguza, mpaka hakanyagi tena kabisa, na mwenzake hajui ni siku gani aliachwa peke yake.

Wamepita mikononi mwake wauza nyama, wajane, mahakimu, na watu waliokuwa wanalia wakiuona usukani tu. Hakuna aliyewahi kuambiwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini hawaambii hata baada ya kupata leseni, walau wamletee zawadi. Alisema mtu akijua alisaidiwa atakaa akingoja asaidiwe tena. Nikamwambia basi mimi nimekuwa nikiambiwa kila siku jinsi ninavyosaidiwa, na akacheka.

Sasa, nina mdogo wangu wa kiume anayeuza magari. Ana mashati ya kung'aa na mdomo usiojua sikukuu. Mpango ulipotangazwa tu alitia timu barazani kwangu, akakaa juu ya kitambaa nilichokuwa nimeshakikata, akaanza kumpaka shemeji yake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba mtu wa hadhi yake hastahili kuonekana ndani ya lile kopo. Kwamba vocha ni fedha za bure, na anayekataa fedha za bure ana ugomvi na bahati yake. Kwamba gari jipya linakunywa nusu ya mafuta. Hapo nikasimamisha cherehani. Nilimuuliza hivi: kama la zamani tulishamaliza kulilipia zamani hizo, na hilo jipya tutalilipia kila mwezi hata baada ya vocha, hiyo nusu ya mafuta tutakayookoa italilipa gari lini? Mdogo wangu akatoa simu, akapiga hesabu, akaifuta, akaipiga tena. Halafu akairudisha simu mfukoni na kuanza kutueleza habari za mapafu.

Siwezi kusema mpango haukumfaa mtu. Jirani yetu daktari wa meno ulimfaa sana. Alikuwa na kigari kidogo alichorithi kwa baba yake, kimefunikwa turubai, kinatolewa mara moja moja kwenda msibani. Kilikuwa hakitoi moshi kwa sababu kilikuwa hakitoki. Akakipeleka, kikasagwa, akapata vocha, akanunua dude refu la kupandia kwa ngazi, linalokunywa mafuta kama lina kesi nayo. Kila asubuhi anampeleka mtoto wake shule nalo, mwendo wa barabara mbili. Kwa mujibu wa serikali, pale kwake hewa imeshasafishwa.

Fundi wetu wa gereji naye alikuja kulia barazani. Zamani gari likifa, yeye alikuwa anapata taa, milango na vioo kwa bei ya kirafiki, akawafufulia watu wa chini magari yao. Sasa kila kitu kinasagwa kikiwa kizima, na taa moja ya mtumba imepanda bei mpaka inaona aibu kutajwa. Na yule aliyekuwa akijinyima ili anunue gari la mkono wa nne, hilo gari la mkono wa nne hakulikuta tena. Kumbe vocha ilikuwa kwa wenye gari. Asiye na gari alipewa hewa.

Mimi nilisema tusiende. Kilichomwangusha mume wangu ni maneno ya mteja. Mama mmoja mwenye duka la vipodozi alikuja kuulizia masomo, akalizunguka lile gari mara mbili, kisha akauliza kwa adabu kabisa kama hilo ndilo la kufundishia au ni la kuwaonyesha wanafunzi matokeo ya ajali. Mume wangu alimjibu vizuri, lakini jioni hakula. Shule nyingine ya udereva ilikuwa imefunguliwa karibu na stendi, ina magari yanayometameta, na wanafunzi walikuwa wanapungua. Asubuhi akaniambia atakwenda kuchukua vocha. Nikameza maneno yangu, na kwangu hiyo ni kazi nzito kuliko kushona suruali.

Kumbe gari bovu halipokelewi. Masharti yalisema lazima liingie yadi ya kuvunjia magari kwa injini yake lenyewe, likiwa na bima na taa zote zinawaka. Yaani ili serikali ikuondolee gari baya, sharti kwanza liwe zuri. Fundi wa gereji akalifanyia matengenezo ambayo halikuwahi kuyaona maishani mwake. Breki mpya, plagi mpya, hata ule mlango wa nyuma ukaanza kufunguka bila maombi. Tukaliosha. Mume wangu akaifungua pedeli yake ya pili, akaitia kwenye gunia, akasema ataifunga kwenye gari jipya. Sikumuuliza kitu, kwa sababu nami niliona pedeli ni pedeli, kama kifungo unavyokikata kwenye shati kuukuu na kukishonea kwenye jipya.

Pale yadi tulikuta foleni ya magari yaliyooshwa. Kazi yenyewe ni rahisi. Kijana mwenye glavu anamwaga mafuta ya injini, anatia maji fulani mazito mahali pake, anawasha gari na kukanyaga pedeli ya mafuta mpaka injini inakamata na kufa. Mengi yalikuwa yanakufa kabla mwenyewe hajamaliza kusaini. La kwetu likagoma. Lilinguruma, likatikisika, likapunguza sauti tukadhani limekata roho, likanguruma tena. Kijana akaongeza yale maji. Watu wa foleni wakaanza kusogea kutazama, na mmoja akasema gari kama hili angelinunua yeye. Mume wangu alisimama karibu na boneti, mikono nyuma. Nilimsikia akisema neno lake lile, ila safari hii sikujua anamwambia nani.

Lilipokufa, kijana alivua glavu akampa mkono wa pole. Hiyo haikuwa kwenye masharti, na nilimshukuru.

Gari jipya lilikuwa zuri, sitakuwa mnafiki. Tulisisitiza liwe la kubadilisha gia kwa mkono, kwa ajili ya wanafunzi, na mdogo wangu akalipata. Halikuwa na moshi hata wa sigara moja, na mashati yangu yalikaa kwenye kamba kwa amani. Mume wangu akapokea ufunguo, akafungua gunia, akatoa pedeli yake, na kumuuliza shemeji yake fundi wa kuifunga yuko wapi. Mdogo wangu alicheka. Aliangalia uso wa mume wangu, akaacha kucheka.

Ndipo akatueleza jambo ambalo alikuwa analijua siku zote, ila halikumjia kichwani, kwa kuwa kichwani alikuwa na kamisheni. Gari lililonunuliwa kwa vocha haliruhusiwi kukatwa, kutobolewa wala kuongezwa chochote kwa miaka mitatu. Ukilitoboa, vocha inafutwa na unairudisha yote. Tukaenda ofisi ya mpango, wakathibitisha: marufuku kuongeza pedeli. Tukavuka ukumbi kwenda ofisi ya leseni za shule za udereva, mlango unaotazamana na ule wa kwanza, wakathibitisha: marufuku kufundisha barabarani bila pedeli ya pili. Maofisa wenyewe walikuwa wanaazimana stepla tukiwa pale. Kila mmoja alitusikitikia kwa dhati kuhusu masharti ya mwenzake.

Mdogo wangu hakukosa la kusema. Akasema shida iko wapi, wakati gari hili linajifunga breki lenyewe? Lina macho mbele, likiona hatari linasimama. Aliloliita macho ni kidude kwenye kioo. Mume wangu akakubali kujaribu, kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, mahali ambapo hakuna wa kuuliza leseni. Mwanafunzi alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mama wa makamo, aliyekuwa amehamishiwa zahanati ya mbali na alihitaji kuendesha ili asiache kazi. Huyu alikuwa mwoga kweli. Alishafundishwa kwingine mara mbili na mara zote alikuwa ameshuka njiani akarudi kwa miguu.

Nilikuwa kiti cha nyuma siku hiyo, nikipeleka sare. Muuguzi aliondoka vizuri, akaingiza gia ya pili, na mbele palikuwa na pipa tupu mtu kalitupa. Akaliona. Niliuona mguu wake unaanza kuisaka breki, polepole, na nikauona mguu wa mume wangu upande wa pili nao unashuka, unakanyaga zulia. Gari halikuwasubiri. Lilipiga yowe, likawaka taa nyekundu, likasimama ghafla tukagonga vifua kwenye mikanda, na sauti ya mwanamke ikatangaza kwa ufasaha: hatari mbele. Muuguzi aliachia usukani akajifunika uso. Alisema anaomba ashuke. Alisema hata gari limejua kwamba yeye hawezi.

Alirudi kwa miguu. Mume wangu alimfuata hatua chache, akasimama, kwa sababu hakuwa na la kumwambia. Gari lilikuwa limesema yote.

Basi tukaingia kwenye msimu wa kufurahia gari jipya. Mume wangu aliliosha. Aliniendesha sokoni kununua uzi, ambako zamani nilikwenda kwa miguu nikarudi. Alijifunza kutia vifungo. Jioni alikaa kando ya cherehani yangu na kila nikikanyaga, mguu wake nao unakanyaga sakafu. Nilipenda kumtania, lakini nilipomtania alinyamaza, na mwanamume yule alikuwa na maneno machache tangu mwanzo. Nyumba ikawa kimya mno. Watu walipiga simu kutoka ofisi ya mpango kuuliza kama tumenufaika, naye akawajibu ndiyo, asante, kwa sababu hapendi kumuudhi mtu. Tukaandikwa miongoni mwa wanufaika. Mdogo wangu naye alipewa cheti cha muuzaji bora, akaja kutuonyesha.

Siku moja nikamkuta mume wangu amekaa ndani ya gari, limezimwa, limeegeshwa uani. Amekaa kiti cha abiria. Hapo niliogopa. Mume wangu hajawahi kuwa mlevi wala mtembezi, raha yake yote ilikuwa kumwona mtu mwoga akipata imani, na hiyo raha ndiyo tuliyoipeleka yadi tukiwa tumeiosha. Nikafungua mlango wa dereva nikaketi, ingawa sijui hata kuwasha.

"Kesho tunakwenda kwa fundi," nikamwambia. "Atoboe."

"Wakija kukagua je, mama watoto?"

"Waje."

"Vocha itafutwa. Tutalipa yote."

"Tutalipa. Nitashona mpaka watoto wa mji mzima wawe na sare mbilimbili. Lakini siwezi kukaa na wewe hivi miaka mitatu, mume wangu. Siwezi."

Alinishika mkono tu, tukakaa pale kama watu walio safarini.

Kwa fundi wa kuchomelea ikaonekana ile pedeli ya zamani haienei, ni ndefu mno kwa gari la siku hizi, ikabidi atengeneze nyingine. Aliuliza mara tatu kama tuna uhakika, drili ikiwa mkononi, kwa maana sakafu ya gari ilikuwa bado na ile harufu ya dukani. Mdogo wangu, aliyeletwa na umbea, alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaniambia, dada, mnatupa fedha za bure. Nikamwambia hesabu yake hii hapa, na safari hii asitoe simu: tulikuwa na gari lililolipiwa, serikali ikalivunja, na sasa tutailipa serikali fedha zile ilizotupa kwa kulivunja. Ndizo fedha za bure ghali kuliko zote nilizowahi kuziona. Drili ikaingia. Fundi akalizima na lile jicho la kiooni, kwa swichi iliyokuwapo tangu mwanzo, ambayo mdogo wangu pia haikumjia kichwani.

Ofisi ya leseni ikapitisha gari siku ileile. Muuguzi kumrudisha ilikuwa kazi. Mume wangu alikwenda mwenyewe hadi zahanati, akakaa benchi la wagonjwa mpaka zamu ilipokwisha. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba mama yule alikuja, akaendesha, akasimama penye kivuko cha watoto wa shule, akageuka kumtazama mwalimu wake macho yamemtoka, akasema nimeweza. Naye akamwambia ndiyo, umeweza.

Mkaguzi wa mpango alikuja si muda mrefu baadaye. Alikuwa binti mdogo, mwenye heshima, ametembea juani mpaka viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Ofisi inayosafisha hewa ilikuwa haijampa usafiri. Nikampa maji. Alimkuta muuguzi ameshakaa kwenye usukani, amejifunga mkanda, anasubiri somo. Mkaguzi akainama upande wa abiria, akamulika kwa simu, akaiona pedeli na matundu yake. Alipoinuka alionekana kusikitika kweli.

"Mzee wangu," akasema, "kwa nini umeliharibu gari zima?"

Mume wangu alifikiri. Hana tabia ya kujibu haraka.

"Hata lile mlilolivunja, binti yangu, lilikuwa zima."

Nilitamani kuongeza langu, nilikuwa nalo, lakini nikaliacha. Binti akaandika, maana ndiyo kazi yake, akamwonyesha mahali pa kusaini, na mume wangu akasaini kwamba vocha imefutwa na atalipa. Kisha akamwomba radhi, akasema mwanafunzi anamsubiri na amekwishamchelewesha. Akaingia upande wa abiria, akafunga mkanda, na muuguzi akawasha gari.